Kamera Mbili za Picha ya Mama

Mama aliniomba picha siku niliyompelekea sukari na kipande cha kitenge, kwake Butihinda, huku Burundi. Nilikuwa hata sijatulia kwenye kigoda. Alisema anataka picha moja, ya peke yake, kubwa ya kutiwa kwenye fremu, na anataka niipige mimi, si mtu mwingine. Nikamuuliza ni ya nini. Akanitazama kama ninauliza maji ni ya nini.

"Ya kubebwa mbele," akasema. "Siku yangu."

Kwetu jeneza likitoka nyumbani hutanguliwa na msalaba na picha ya marehemu. Mtu wa karibu huibeba kifuani, na watu wa njiani wakiiona hujua wanamvulia nani kofia. Baba alipofariki, picha ya namna hiyo hatukuwa nayo. Miaka yote tuliyoishi kambini Tanzania, picha tulizopigwa zilikuwa za kuandikishwa tu. Familia inasimama mbele ya turubai, mmoja anashika kifuani ubao mdogo wenye namba ya familia, mtu wa nyuma ya kamera anasema msicheke, kisha mnapisha wengine. Kila watu walipohesabiwa upya, aliyeushika ubao ni mama, kwa sababu baba alikuwa hapendi kuushika. Baba alisimama nyuma ya bega lake.

Katika picha hizo tulirudi Burundi na moja. Kaka yangu aliipeleka studio, wakakata uso wa baba na kuukuza. Bega la mama hawakuweza kuliondoa, wala pembe ya ule ubao. Kwa hiyo tulimsindikiza baba kanisani na kaburini na tarakimu mbili za chaki chini ya kidevu chake. Mama alitembea nyuma ya picha hiyo, na kwa miaka hakuitaja.

"Mimi usinibebe na namba," aliniambia siku hiyo ya sukari. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilimwahidi kwamba maharage yatakapovunwa atakuwa na picha yake. Hakuwa mgonjwa. Lakini masika hayo walikuwa wamezika wanawake wawili wa kwaya yake, na mama alikuwa amezikagua picha zao kama anavyokagua unga sokoni. Ya mmoja ilikatwa kutoka kwenye picha ya harusi, na mkono wa mtu asiyejulikana ulibaki begani pake. Ya mwingine ilitoka kwenye simu, ikakuzwa mpaka uso ukawa kama uji uliomwagika. Nilipojaribu kusema kwamba simu za siku hizi ni nzuri, mama alisema simu yangu iliyoibiwa sokoni Bugendana nayo ilikuwa nzuri, na picha zote zilikwenda nayo.

Hapo alinishika. Na kusema kweli nilikuwa nikitaka kushikwa. Tangu nikiwa msichana wa shule kule kambini nilitamani kamera ya kweli, ile ambayo unaivua lenzi moja na kuivika nyingine. Kulikuwa na mpiga picha aliyekuja mara chache akatandika nyuma ya watu shuka lililochorwa maporomoko ya maji, nami nilikuwa nasimama upande, si kuwatazama wateja, bali kutazama vidole vyake vikizungusha ile lenzi. Nilipomaliza sekondari nilianza kutembea, na sijaacha. Nauza vitenge kwenye masoko ya milimani. Nina chumba Gitega, lakini nguo zangu ziko kwenye mabegi. Nimevuka arobaini na bado sijanunua kabati.

Kamera mpya sikuziweza. Nikaanza kuulizia za zamani, na nilipata mbili: moja Gitega, moja Muyinga. Bei zao zilikaribiana kiasi kwamba bei haikunisaidia kuamua.

Ya Gitega ilikuwa ya mzee mmoja wa mtaa wa Waislamu, fundi cherehani ambaye zamani alikuwa akipiga picha harusi zote za mtaa huo na nyingi za nje yake. Aliiacha kazi kwa sababu ya shingo. Kamera yenyewe ilielezea hiyo shingo: nyeusi, nzito kama tofali bichi, ngozi yake ya mpira ilikuwa imebanduka mahali pa kushikia, naye akaibandika tena kwa gundi ya kuzibia matairi ya baiskeli. Ilikuwa na lenzi mbili, moja ndefu ya kuvuta na moja fupi isiyovuta lakini inayokunywa mwanga hata jioni.

"Hii iko muzima kuliko mi," aliniambia. "Lakini usinunue leo. Itembeze kwanza. Kamera iko kama kiatu, huwezi kujua mpaka utembee."

Nikaitembeza mtaani. Mke wake alifuatana nami, akisema anakwenda kununua nyanya. Nilirudi kuitembeza siku nyingine mbili, na siku zote mbili nyumba ile ilikuwa imeishiwa nyanya.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kuionyesha kamera nyeupe. Nilikuwa nimempiga jirani yake chini ya turubai la bluu alilotundika mbele ya duka, na uso ukatoka kama wa mtu aliyelala mtoni. Mzee alivua kofia yake, ile ya kushonwa kwa mkono, akaisogeza mbele ya lenzi ikajaa yote, akabonyeza vitufe viwili. Alisema kamera haijui nyeupe, lazima uiambie. Piga kofia kwanza, halafu piga mtu. Baada ya hapo jirani akatoka na rangi yake mwenyewe, ile ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Mzee akavaa kofia yake akarudi kwenye cherehani.

Ya pili ilikuwa Muyinga mjini, kwa mwanamke wa umri wangu mwenye duka la kutoa fotokopi, kuvalisha vitambulisho plastiki na kupiga picha za pasipoti mbele ya shuka jeupe. Naye alikulia Tanzania kama mimi, kambi nyingine lakini mkoa uleule wa Kigoma, na tulipofungua tu midomo tulitambuana kwa Kiswahili. Yake ilikuwa ndogo, rangi ya fedha, ya aina isiyo na kile kioo cha ndani kinachoruka ukipiga picha. Inaingia kwenye mkoba wa mkono. Alikuwa ameinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao, na maandishi yake yote ya ndani yalikuwa ya Kijapani. Alikuwa hajui hata herufi moja. Alikariri: chini mara tatu, kulia mara mbili, bonyeza. Alinifundisha hivyohivyo, nami nikaandika kwenye daftari kama mtu anayeandika dawa.

Sasa likaja daftari. Nilichora mstari katikati, Gitega huku, Muyinga huku, na kwa muda wa miezi miwili lile daftari lilikuwa furaha yangu. Nilitandaza kitenge changu cha ndege ukutani nikakipiga kwa kila kamera. Ile nyeusi ndege wote walionekana hadi kucha. Ile ndogo, ndege wa pembeni walikuwa na usingizi. Nyekundu ya kitenge ilibaki nyekundu Gitega, na Muyinga ikaelekea machungwa. Betri ya Gitega ilimaliza siku nzima. Ya Muyinga ilikufa kabla ya saa sita mchana. Lakini ile nyeusi angani iliacha doa, daima palepale, vumbi lililoingia ndani siku nyingi. Na ile ndogo uliweza kuishika usawa wa tumbo ukitazama kioo chake cha nyuma kinachoinuka, bila kuficha uso wako. Safari moja nilibeba lenzi fupi ya mzee hadi Muyinga, nikiwa na mpango wa kununua lenzi huku na mwili kule. Midomo yao haikulingana hata kidogo, kama chupa na kizibo cha chupa nyingine. Mwenye duka alicheka mpaka akakaa.

Safari hizo hazikuwa rahisi. Petroli haikuwa ikipatikana, na kutoka Gitega kupitia Karusi hadi Muyinga ningeweza kusubiri gari tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sikulalamika. Nikisubiri gari nilikuwa nafungua daftari.

"Wewe dada," mwenye duka aliniambia mara ya nne, "unanunua kamera au unanunua safari?"

Nilimwambia kitu cha kudumu hakinunuliwi kwa pupa. Akaniuliza ni kitu gani cha kudumu nimewahi kununua. Nikafungua daftari.

Mama huongea nami Kirundi, lakini akitaka kunisema hutumia Kiswahili cha Kigoma, kwa kuwa anaona kina meno zaidi. Alinipigia kwa simu ya jirani. "Hiyo kamera yako," akauliza, "inakuja kwa magoti?" Maharage yalikuwa yameanza kukauka shambani.

Ndipo nikafikia uamuzi ambao niliuona wa akili. Nitampiga mama kwa kamera zote mbili, siku moja, nguo moja, mahali pamoja, halafu niweke picha bega kwa bega. Mwenye duka alikubali kuniazima yake Jumapili, siku ya kufunga duka. Mzee wa Gitega nilimpa karangamuntu yangu iwe dhamana, lakini alinirudishia. Alisema kitambulisho cha mtu hakimfai kitu, niache kitu ninachokipenda. Mke wake akafungua begi langu la vitenge, akapekua hadi chini kabisa, akatoa kile cha majani ya ndizi ambacho nilikuwa nimekificha nisimuuzie mtu. "Hiki," akasema. Sijui alijuaje.

Jumapili ile mama alirudi kutoka kanisani akavaa imvutano yake ya kahawia, vazi lile la kitambaa chepesi kinachofungwa begani, ambalo hulitoa kwa harusi peke yake. Alijipaka mafuta usoni. Alichagua ukuta mwenyewe, ule mtupu wa upande wa jikoni, akasimama. Nilianza na ile nyeusi. Niliionyesha nyeupe kwa kitambaa chake cheupe cha kichwa, nikapima mwanga, nikavua lenzi ndefu nikavika fupi. Kila nilipobonyeza ilipiga kelele yake, klak, na mama akakaza kidevu. Nikamaliza, nikachukua ndogo, chini mara tatu, kulia mara mbili, nikapiga tena idadi ileile. Mama alikuwa mvumilivu ajabu. Hakusogea, hakuuliza, hakucheka. Nilimsifu kwamba ni mteja mzuri kuliko wote niliowahi kuwaona.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Muyinga dukani. Tuliziingiza picha kwenye kompyuta yake, za mzee kwa waya kwa sababu kadi yake ni kubwa haiingii, tukaziweka mbilimbili. Tulianza vizuri. Tuliangalia ngozi: nyeusi ilimpa mama joto lake, ndogo ilimfanya kijivu kidogo. Tuliangalia mikunjo ya imvutano. Nilikuwa nimefungua daftari tayari, na kwa hesabu yangu Gitega ilikuwa imeshinda.

Mwenye duka akainamia kioo cha kompyuta. Aliivuta picha moja, akaivuta nyingine.

"Dada, mama yako ameshika nini?"

Nikasema hakushika kitu. Akaikuza. Mikono ya mama ilikuwa kifuani, yote miwili, imeachana kwa upana wa kiganja na nusu. Vidole vimekunjwa kwa chini, vidole gumba vimesimama mbele. Katikati yake hakuna kitu. Tulipitia picha zote, za nyeusi na za fedha. Zote zilikuwa hivyo.

"Ameshika ubao," akasema.

Aliyasema hayo polepole, kwa sababu alikuwa anaujua. Akanieleza kwamba mama yake pia, alipompiga picha ya kitambulisho mwaka jana, aliinua mikono namna hiyo, naye akamwambia, shusha mikono mama, inaingia kwenye picha, basi akashusha wakaendelea. Hakufikiria kitu siku ile. Mtu mmoja aliingia na makaratasi ya kutoa fotokopi. Akamwambia asubiri kidogo nje.

Nilitazama daftari langu. Kwa miezi miwili nilikuwa nimekagua kucha za ndege. Jana yake nilisimama hatua tatu kutoka kwa mama yangu, nikabonyeza mara sitini, na sikuiona mikono yake. Nilikuwa naangalia kamera.

Nilirudi Gitega kurudisha ile nyeusi. Njia nzima nilikuwa nimeipakata bila kuifungua. Mzee alinikuta mlangoni akauliza kama nimekuja kulipa au kulia. Nikamsimulia yote, ubao, kambi, mikono. Mke wake alikuwa anachambua mchele, akaacha. Mzee aliichukua kamera yake, akaielekeza sakafuni, akabonyeza. Klak. Akabonyeza tena.

"Unasikia?" akasema. "Iko kama mulango wa ofisi. Mama yako akisikia hii, anasimama mustari. Chukua ile ya Muyinga."

"Sasa we unauza ama unafukuza?" mke wake akamuuliza.

"Nauza. Lakini si kwa picha hiyo."

Mke akatikisa kichwa na kurudi kwenye mchele, lakini nilimwona hakukasirika. Mzee akanieleza jinsi alivyokuwa akifanya zamani. Kwenye harusi hakuwa anafika siku ya harusi. Alifika siku mbili kabla, kamera shingoni, akala nao, akasaidia kubeba viti, akashonea mtu kifungo. Hakupiga kitu. Siku yenyewe ikifika watu walikuwa wamemsahau, na hapo ndipo alipoanza kazi. Shingo yake iliharibika kwa ajili ya zile siku mbili za kuivaa bure, si kwa ajili ya picha.

"Siku mbili zinatosha?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Kwa bibi harusi, ndiyo. Kwa mama yako, mi sijui."

Nilirudishiwa kitenge changu cha majani ya ndizi, nikakikata katikati, nusu nikamwachia mke wake. Alikikunja bila kunishukuru, akaniletea chai.

Ile ndogo nikainunua wiki hiyohiyo. Mwenye duka hakupunguza hata kidogo, lakini aliongeza betri ya pili na mfuko wa kitambaa, akanitaka ahadi moja, kwamba picha ikipatikana atachapisha yeye.

Butihinda nilifika jioni wakati maharage yameng'olewa, yameanikwa uani. Nilikuwa nimewaza njiani kumpiga mama kwa hila, bila yeye kujua, na kumaliza. Sikuweza. Picha hiyo ilikuwa yake, na mikono ilikuwa yake. Nikamketisha kwenye mkeka, nikafungua kioo cha kamera nikamwonyesha zile za Jumapili. Alijitazama kwanza uso, akaridhika nao. Kisha nikamwonyesha mikono.

Mama aliinua mikono yake halisi kifuani, ikaenda yenyewe mahali pake, akaitazama, akatazama kioo, akaitazama tena. Akaishusha akaiweka magotini, kama anaiweka chini kwa uangalifu isianguke.

"Kumbe," akasema. Na baadaye kidogo: "Nami namba yenyewe nimeisahau."

Lakini asubuhi yake, akiyapiga maharage kwa fimbo yatoke kwenye maganda, nilimsikia anaitaja yote, tarakimu mojamoja, kwa Kiswahili, kama mtu anayejikuna mahali panapowasha. Alipomaliza akaanza tena. Sikumkatiza.

Nilimwambia nitakaa. Akauliza siku ngapi. Nikasema mpaka ipatikane. Alicheka peke yake jikoni, kwa sababu tangu niote miguu ya kutembea sijawahi kulala kwake zaidi ya siku mbili. Siku ya kwanza na ya pili zilipita. Ya tatu nilifua kila kitu kilichofulika. Ya nne nilikwenda hadi barabarani, nikasimama kutazama malori yanayoelekea mpakani, nikarudi. Mama aliniuliza kama miguu inaniwasha. Nikasema hapana. Akasema basi kuna viroboto, maana anaona naikuna.

Kamera ilikuwa shingoni mwangu wakati wote. Nilichota maji nayo, nilimenya ndizi nayo, nilikwenda nayo hata kanisani, nayo ikawa inagongagonga kifua wakati wa nyimbo. Majirani walisema binti wa mama fulani amerudi na mtoto mgongoni aliyezunguka mbele. Mara kwa mara nilibonyeza, nikapiga kuku, ndoo, mlima. Ilitoa sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja kijiti. Siku za mwanzo mama alipoisikia mikono yake ilikuwa ikishtuka, naye mwenyewe akaiona, akaishika mmoja kwa mwingine. Siku ya sita alianza kuikaripia. "Tulia," aliiambia mikono, na akaendelea kukoroga. Siku ya saba kijiti kilivunjika na mikono haikujua.

Siku hizo nilisikia mambo ambayo mtu wa siku mbili hasimuliwi. Nilijua kwa nini baba alikuwa hapendi kuushika ubao. Mama alisema baba alikuwa na mwandiko mzuri, alikuwa amesoma kwa mapadri, na ile namba iliandikwa vibaya, saba yake ilikuwa kama moja iliyolewa. Aliona aibu kupigwa picha na mwandiko wa ovyo. Mimi miaka yote nilidhani ilikuwa huzuni. Huenda ilikuwa yote mawili.

Ilikuwa siku ya tisa, saa nne asubuhi, kivuli cha nyumba bado kikiwa uani. Rafiki yake wa kwaya alikuwa amekuja kumsaidia kupepeta. Mama alikuwa anamweleza jinsi mimi, mtu mzima, nilivyomenya ndizi za kupika jana yake: nimekata nusu ya ndizi nikaitupa na maganda, mbuzi amekula vizuri kuliko sisi. Alikuwa ameninyooshea mkono wa kulia, kiganja wazi, mkono wa kushoto umebaki juu ya ungo. Alinigeukia aone kama ninasikia. Macho yalikuwa na ile hasira ya uongo ambayo nimekua nayo. Kamera ilikuwa usawa wa tumbo langu. Nikabonyeza.

Alijua. "Umepiga," akasema.

"Nimepiga."

"Haya." Na akamrudia rafiki yake na habari za mbuzi.

Kwa mujibu wa daftari langu ni picha mbaya. Upande wa kushoto umelala usingizi, na ungo unapokwisha huoni vizuri. Ngozi ina ule ukijivu; nilisahau kuionyesha kamera nyeupe. Ile ya Gitega ingefanya vizuri zaidi kila kitu, na kama ningekuwa nayo mkononi isingekuwapo picha yoyote. Mwenye duka wa Muyinga alipoiona kwenye kompyuta aliniuliza kama arekebishe rangi. Alirekebisha kidogo, kisha akaacha. Aliichapisha kwa ukubwa ule mama aliotaka. Fremu tulitengenezewa na fundi seremala nyuma ya soko. Wakati nikisubiri fundi akate kioo, mwenye duka alifunga duka lake mchana, akasema anakwenda kumpigia mama yake simu.

Hofu yangu ilikuwa moja: mama aikatae. Hakuwa amevaa imvutano. Alikuwa na kitenge cha nyumbani kilichopauka na kilemba kimeenda upande. Hakuwa amesimama, hakujipaka mafuta, na ungo haubebwi kanisani. Nilipomkabidhi alikwenda nayo mlangoni penye mwanga. Aliisogeza karibu, akaipeleka mbali. Akaigeuza aone nyuma yake kuna nini. Alilalamika kuhusu kilemba. Akasema mtu yeyote angeweza kumwambia akiweke sawa. Halafu akamwita rafiki yake wa kwaya, ambaye nyumba yake iko chini ya mteremko, akamsubiri apande, akamuuliza bila kumsaidia: huyu ni nani?

Rafiki yake aliipokea kwa mikono miwili. "Ni wewe," akasema, "unamsema mtu."

Mama akaitwaa tena. Aliitazama mikono iliyo ndani ya kioo, mmoja wazi hewani, mmoja kwenye ungo, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama uso. Alipotosheka aliingia ndani, akapanda juu ya kigoda, akaigongomelea ukutani mwenyewe, mkabala na mlango. Nilidhani angeificha sandukuni mpaka siku yake. Alisema fremu ikikaa sandukuni huota ukungu, na isitoshe, watu wakiingia waizoee.

Nilikuwa nimefunga begi tangu asubuhi. Aliliona, akalipima kwa macho.

"Utakayeibeba ni wewe," akasema. "Kaka zako nimeshawaambia. Kwa hiyo usiende mbali sana."

Nikamwambia nakwenda Makebuko tu, kuna soko, na nikimaliza nitapita Gitega kuchukua vitenge na kurudi. Aliwaza kwa kitambo kama mtu anayepima njia kwa hatua.

"Makebuko nakuruhusu," akasema, akaniongezea maharage kwenye begi mpaka likashindwa kufungika.